Siku Niliyokataa Kusoma Muhtasari Peke Yake

Chifu alinikuta katika chumba cha walimu wakati wa uji wa saa nne. Hakuwa na kawaida ya kuja shuleni kwetu ila kuwe na jambo, kwa hiyo tulipomwona mlangoni na bahasha ya kaki mkononi, wote tuliweka vikombe chini. Alitupa mkono mmoja mmoja, akaketi, akakataa uji, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, kesho kutwa tuna wageni kutoka Nairobi. Wanaleta kanuni mpya za madini, na sheria inawataka wawasikilize wananchi kwanza. Wanataka mtu wa kuwasomea watu kwa Kiswahili, na pakihitajika kwa Kidigo. Nimewapa jina lako."

Sitaficha, nilifurahi. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili katika shule ile, kusini ya Msambweni, kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kuniita mahali kwa ajili ya Kiswahili changu. Walioitwa ni walimu wa hesabu na wa Kiingereza. Nilipokea bahasha kwa mikono miwili.

Jambo la madini halikuwa geni kwetu. Shamba la mama liko chini ya kilima ambacho wataalamu walianza kukitoboa kabla sijazaliwa. Walikuja, wakachukua udongo kwenye vifuko, wakaondoka, wakaja wengine. Tulikua tukijua kwamba ndani ya kilima kuna kitu, na kwamba watu wa mbali wanakitaka. Juu yake kuna msitu wa kaya, walikozikwa mababu zetu, na hadi leo hakuna mtu wa kijiji anayekata ukuni humo. Lakini miaka hii ya karibuni habari zilibadilika. Redioni walisema nchi za viwanda zimetunga sheria za kuhakikisha hazikosi madini adimu, yale ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Na serikali yetu nayo ilitaka kuweka kanuni zake, ili madini hayo yapewe jina la madini ya kimkakati na ardhi yalipo isimamiwe kwa namna ya pekee.

Nilifungua bahasha nyumbani baada ya sala ya alasiri. Ndani mlikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa rasimu yenyewe, kwa Kiingereza, kinene kama daftari la mahudhurio ya darasa. Cha pili kilikuwa muhtasari wa Kiswahili, karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Muhtasari ndio niliotakiwa kuusoma. Rasimu, nadhani, waliniwekea kwa heshima tu, au kwa kusahau.

Mimi nimezoea kusahihisha. Nikipewa insha siwezi kuisoma bila kalamu. Basi nikaweka vitabu vyote viwili mezani, nikawa nasoma kipande huku na kipande kule, nione kama mfasiri alifanya kazi yake. Kwa kurasa za mwanzo alijitahidi. Kisha nikafika penye mambo ya ardhi.

Muhtasari ulisema: mwenye ardhi katika eneo la madini ya kimkakati atashirikishwa kikamilifu.

Rasimu ilisema jambo jingine kabisa. Ilisema tangazo litachapishwa katika gazeti la serikali na kwenye mtandao, na mwenye ardhi asipopinga kwa maandishi katika siku ishirini na moja, atahesabiwa kuwa ameridhia watafiti waingie, wachimbe mashimo ya majaribio na wafungue njia za magari.

Nilikisoma kifungu hicho mara tatu nikidhani Kiingereza changu kimenipotosha. Nikaenda kuchukua kamusi. Hakikuwa kimenipotosha. Mama yangu hajui kusoma. Gazeti la serikali halijawahi kufika kijijini hata kwa kufungia maandazi. Siku ishirini na moja zingepita akiwa anapalilia mihogo, na karatasi fulani Nairobi ingesema kwamba amekubali.

Ndugu yangu mdogo aliingia nikiwa bado nimekaa pale. Alikuwa dereva katika machimbo ya titani, akiendesha lori la maji la kulowesha barabara ili vumbi lisiwafikie watu. Machimbo yalipofungwa, alirudi nyumbani na buti na kofia ngumu, na tangu hapo alikuwa akibangaiza na bodaboda ya mwenzake kati ya Ukunda na Lungalunga. Nilimsomea kifungu. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Dada, soma walichokupa," alisema. "Wakisikia huku kuna fujo watahamisha kazi kwingine. Mimi nina watoto watatu."

"Hii si fujo. Ni kifungu chao wenyewe, wamekiandika wao."

"Basi waache wakiandike. Wewe umeajiriwa. Mshahara wako unaingia kila mwezi. Sisi tusioingiziwa kitu ndio tutakaobaki tukiangalia kilima."

Alisema kweli kuhusu mshahara wangu. Lakini nilimwambia kwamba siwezi kusimama mbele ya mama nikamsomea uongo kwa sauti yangu mwenyewe, kisha nirudi darasani kufundisha ufahamu. Akatoka bila kuaga. Nilisikia pikipiki ikiwaka.

Siku ya mkutano turubai mbili zilifungwa kwenye uwanja wa shule, na viti vya plastiki vikaletwa kwa mkokoteni. Watu walikuja wengi kuliko siku ya uchaguzi. Wavuvi walikuja hata kutoka kisiwani Funzi, na wakulima wa korosho wa pande zetu, na majirani zetu wa bara walionunua viwanja huku, wengi wao wafanyakazi wa hoteli za Diani waliokuwa zamu ya mapumziko. Mama aliketi safu ya mbele, leso yake mpya kichwani.

Afisa aliyeongoza wageni alikuwa kijana nadhifu, mpole, mwenye haraka. Alimfikia mama, akampa mkono, akasema, "Sasa mama." Mama akaitikia "Marahaba," kama vile ameamkiwa inavyopasa, na kijana akaendelea mbele bila kujua kilichompata.

Nilimwomba tuzungumze pembeni kabla ya kuanza. Nilimwonyesha kifungu na muhtasari, kidole changu kimoja hapa na kingine pale.

Aliangalia. Sidhani kuwa aliufahamu mwanya ule kabla ya asubuhi hiyo. Uso wake ulionyesha hivyo. Lakini alifunga kitabu.

"Madam, hii Kiswahili ilipitishwa Nairobi. Wewe soma tu vile iko. Hizo zingine ni mambo ya mawakili."

"Waliohudhuria hapa ndio wenye ardhi," nilisema. "Mawakili hawana shamba hapa."

"Tuko na mikutano mingine mbili leo. Tafadhali."

Chifu alikuwa ametusikia. Alinisogelea, akashusha sauti. "Mwalimu, usinitie aibu. Mimi ndiye niliyekuleta."

"Umeniletea kazi ya kusoma," nilimwambia, "na nitasoma."

Imamu alileta dua, na mhubiri wa kanisa dogo la barabarani akaomba baada yake. Afisa akaeleza kwa ufupi kwamba dunia inayahitaji madini haya, kwamba nchi isipojipanga itapitwa, na kwamba kazi zitakuja. Watu walipiga makofi penye kazi. Nilimwona ndugu yangu nyuma, mikono kifuani. Kisha nikaitwa.

Nilianza na muhtasari kama nilivyoombwa. Nilisoma majina ya madini, nikasoma kuhusu leseni na mrabaha. Nilipofika penye neno atashirikishwa, nilisimama.

"Hapa," nilisema, "karatasi ya Kiswahili na kitabu cha Kiingereza havisemi jambo moja. Nitawasomea vyote viwili, ili asije mtu kusema hakuambiwa."

Afisa aliinuka nusu. Nilikuwa nimekwisha kuanza. Nilifasiri kifungu chote, neno kwa neno, nikakirudia kwa Kidigo kwa ajili ya watu wazima, na nilipofika penye kuhesabiwa kuwa ameridhia, nilitaja neno hilo polepole kama ninavyowatajia watoto imla.

Kisha mama akanyanyua mkono. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akisema mbele ya wanaume wa mkutano. Alipewa kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo, ikabidi mtu amsogezee.

"Mwanangu," alimwambia afisa, "mimi ni mjane. Msichana akiposwa kwa mara ya kwanza akinyamaza, watu husema amekubali, kwa sababu ana haya. Mjane sivyo. Mjane akiposwa huulizwa mpaka aseme kwa ulimi wake. Dini yetu ndivyo inavyosema. Sasa ninyi mnataka kuniozea shamba kwa kunyamaza kwangu?"

Wanawake walicheka, kisha wakaacha kucheka. Imamu alitikisa kichwa kukubali. Afisa alianza kueleza kwamba kifungu kina sababu zake, kwamba watu wengine huhama na hawapatikani, kwamba kazi haiwezi kusubiri kila mtu. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi sikuhama," alisema. "Niko hapa. Niulize."

Hakuulizwa. Maswali mengine yakafuata, na ndugu yangu naye akasimama. Alisema waziwazi kwamba anataka machimbo yaje, kwamba amechoka kuomba pikipiki ya mtu, na kwamba wanaopinga wamwambie watoto wake watakula nini. Baadhi ya vijana walimshangilia. Hakunitazama. Sikumwona kama adui. Nilimwona kama mtu aliyesema la moyoni mwake kwa mdomo wake, na hilo ndilo nililokuwa nikilipigania, ingawa alikuwa akinipinga mimi.

Mgogoro wenyewe ulikuja mwishoni, ilipopitishwa orodha ya mahudhurio. Juu ya karatasi ile palikuwa pameandikwa, kwa Kiingereza, kwamba waliotia sahihi wameshauriwa kuhusu kanuni. Mtu mmoja akaniuliza maana yake. Nikamwambia. Akairudisha kalamu mezani. Wa pili akaipokea orodha, akaipitisha bila kuandika. Ikazunguka safu zote, ikarudi kwa afisa na sahihi chache, na moja kati ya hizo ilikuwa ya ndugu yangu.

"Lakini mlikuja," afisa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Nyinyi wote mko hapa. Nitaandika nini?"

Aliyempa jibu ni mhubiri. Huyo ni mtu wa bara, wa kufua nguo katika hoteli moja ya Diani siku za wiki, na alinunua kiwanja chake karibu na shamba la mama kwa jasho la miaka mingi. Alitoa daftari la hesabu za kanisa, akachana karatasi za katikati, akazileta kwangu.

"Mwalimu, andika hapo juu kwa Kiswahili kizuri. Tulikuja, tukasikia, hatukuridhia. Sisi tutaweka majina."

Niliandika. Sikuongeza neno. Watu walipanga foleni kwenye jua, wenye sahihi wakatia sahihi, wengine wakapaka wino wa kalamu kidoleni wakabonyeza. Mama alibonyeza kidole chake mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikuonekana vizuri. Chifu alikuwa akizungukazunguka akisema mambo haya hayana utaratibu. Afisa alikataa kuzipokea zile karatasi, halafu akaona hakuna anayeondoka, akazipokea. Mikutano yake mingine miwili ilichelewa.

Baada ya wiki chache nikaletewa barua kutoka ofisi ya elimu, ya kunitaka nijieleze kwa nini nilivuruga mkutano wa serikali nikiwa mtumishi wa umma. Walimu wenzangu walinishauri niombe radhi yaishe. Mwalimu mkuu, mtu mwema asiyependa mawimbi, alikuwa ameniandikia kabisa rasimu ya radhi. Nilimshukuru, nikaiweka kwenye mkoba, nikaandika yangu. Nilisema niliombwa kuwasomea watu kanuni, nikawasomea kanuni. Kama katika niliyoyasoma kuna neno lisilokuwemo katika kitabu, wanionyeshe, nami nitalikiri. Barua ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Ilirudishwa niiandike kwa Kiingereza. Niliituma tena vilevile, nikaambatanisha kifungu.

Hawakunionyesha neno lolote. Muhula uliofuata nilihamishwa, nikapelekwa upande wa Kinango, kwenye nyika, mbali na bahari na mbali na mama. Barua ya uhamisho ilisema ni kwa mahitaji ya huduma. Nililia nilipokuwa nikifunga vitabu vyangu, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimezoea upepo wa kule kwetu, na wanafunzi wangu wa darasa la sita walikuwa wamebakiza miezi michache tu wafanye mtihani. Lakini nilienda, nikapanga chumba karibu na shule, na kila Ijumaa baada ya vipindi nilishika safari ya kurudi Msambweni. Kama walidhani umbali utanifunga mdomo, walipima vibaya.

Ndugu yangu na mimi hatukusemeshana hadi Ramadhani. Siku moja nilipokuja nyumbani nilimkuta jikoni akimkunia mama nazi ya futari. Alikuwa amepata kazi ya kuendesha gari la maji la hoteli. Aliniamkia, nikamwitikia. Tulifuturu. Baadaye akasema, bila kuniangalia, kwamba bado anaamini nilikosea, lakini walioandika ule muhtasari walikosea zaidi. Nilikubali kupewa hicho, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho.

Ilipita karibu mwaka, ikatoka rasimu mpya. Safari hii ilikuja yote kwa Kiswahili, na mkutano ukatangazwa msikitini, kanisani na kwa kipaza sauti cha gari. Uliwekwa siku ya masomo. Niliomba ruhusa, nikanyimwa. Nikampa mwalimu mwenzangu vipindi vyangu, nikaandika barua ya kueleza niendako, nikaiacha mezani kwa mwalimu mkuu, nikaenda.

Afisa wa safari hii alikuwa mwanamke. Alisoma mwenyewe, kifungu baada ya kifungu, hadi watu wakaanza kusinzia, na sikumlaumu mtu kwa kusinzia. Kile kifungu cha zamani hakikuwemo. Mahali pake paliandikwa kwamba mwenye ardhi ataulizwa ana kwa ana, na jibu lake liandikwe mbele ya mashahidi wawili. Mama alinigusa goti. Lakini lilipofika suala la msitu wa kaya, rasimu ilisema maeneo ya kitamaduni yatazingatiwa, basi, haikusema zaidi.

Nilinyoosha mkono. Sikuwa mkalimani tena. Nilikuwa mtu mwenye ardhi pale, nikaanza kwa kusema hivyo.

"Kuzingatiwa ni kuangaliwa," nilisema. "Mtu anaweza kuliangalia kaburi la babu yangu vizuri sana, kisha akalichimba. Andikeni kwamba msitu hautachimbwa."

Yule afisa alisema maoni yangu yamepokelewa, akainama akaandika. Nilibaki nimesimama. Akainua uso.

"Kuna jingine, Mwalimu?"

"Nisomee ulichoandika."

Alisita kidogo, kisha akasoma: mchangiaji anapendekeza msitu usichimbwe inapowezekana.

"Sikusema inapowezekana," nilimwambia.

Aliitazama karatasi yake. Akakata neno kwa mstari mmoja, akanionyesha, akasoma upya mbele ya watu wote. Ndipo nikakaa.